Mkono Usio na Mapigo: Ugonjwa wa Kuvimba kwa Mishipa Mikubwa ya Damu na Jinsi Unavyogunduliwa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara kwa watoto, chanjo, lishe na usafi wa maji. Mwezi huu nataka tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuusikia, na ambao hata sisi tunaofanya kazi hospitalini hatukutani nao mara kwa mara. Ni ugonjwa adimu. Lakini nimeona ni vema tuuandikie kwa sababu mbili. Kwanza, aina yake moja hupenda kuwashika wasichana na akina mama vijana, yaani watu wa umri ambao tunadhani presha na kiharusi haviwahusu. Pili, dalili zake kubwa zinaweza kuonekana kwa kutumia vidole vitatu na mashine ya kawaida ya kupimia presha, vitu ambavyo vipo hata kwenye zahanati. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna anayetazama.

Ugonjwa wenyewe ni kuvimba kwa kuta za mishipa mikubwa ya damu. Tuanze kwa kueleza mishipa hiyo ni ipi.

Damu safi inapotoka moyoni hupita katika mshipa mmoja mkuu uitwao aota. Kwa mtu mzima upana wake karibu na moyo ni kama sentimita 3. Aota hupanda juu kidogo, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka mgongoni kupitia kifuani hadi tumboni. Katika safari hiyo hutoa matawi: mawili ya kupeleka damu shingoni na kichwani, mengine hupita chini ya mtulinga kwenda kwenye mikono, mengine huenda kwenye utumbo na figo, na mwisho aota hugawanyika kuwa mawili ya kwenda miguuni. Mishipa hii inayotoa damu moyoni huitwa ateri. Ndiyo inayodunda unapoigusa. Ile ya rangi ya kijani unayoiona juu ya kiganja ni ya kurudisha damu, nayo haidundi.

Katika ugonjwa huu, chembechembe za kinga ya mwili, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huuingia ukuta wa ateri na kuushambulia kana kwamba ni adui. Ukuta huvimba na kunenepa. Baada ya miezi au miaka huacha kovu gumu, na njia ya damu hubaki nyembamba, kama bomba la zamani lililojaa kutu ndani. Pengine njia huziba kabisa. Kwa baadhi ya wagonjwa ukuta hudhoofika badala ya kubana, na mshipa hutuna kama puto. Kwa nini kinga ya mwili inafanya hivyo, sayansi bado haijapata jibu kamili. Ila tunajua kwamba hauambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja, na kwamba mkono uliopoteza mapigo haukupigwa na mtu yeyote kwa njia za giza. Nalisema hili wazi kwa sababu mkono unaopooza nguvu bila jeraha huanzisha maneno mengi kijijini, na wakati maneno yanaendelea mishipa nayo inaendelea kuziba.

ULIVYOPATA JINA LAKE

Aina inayowashika vijana huitwa ugonjwa wa Takayasu. Mikito Takayasu alikuwa daktari wa macho huko Kanazawa, nchini Japani. Mnamo mwaka 1908 ilichapwa taarifa yake juu ya mwanamke kijana ambaye mishipa midogo ya nyuma ya jicho ilikuwa imejiunganisha kwa namna ya ajabu, kama taji lililozunguka sehemu ile ambapo neva ya jicho huingilia. Madaktari wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wamewaona wagonjwa wenye macho ya namna hiyo, tena wakaongeza jambo kubwa: wagonjwa hao hawakuwa na mapigo kwenye kifundo cha mkono. Ndipo watu wakaanza kuelewa kwamba jicho halikuwa chanzo. Jicho lilikuwa linalia njaa ya damu kwa sababu mishipa ya shingoni ilikuwa imebanwa. Mwaka 1951 madaktari wengine wa Japani, Shimizu na Sano, waliuita ugonjwa usio na mapigo, na jina hilo linatumika mpaka leo.

Asidhani mtu kwamba ni ugonjwa wa Wajapani tu. Umeonekana India, Uturuki, Meksiko, na hapa kwetu Afrika pia. Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, ilitoa mwaka 2005 taarifa ya wagonjwa wake 272, na wengi wao walikuwa na shinikizo la damu. Sehemu nyingi za dunia, katika kila wagonjwa kumi wa Takayasu, wanane au tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 15 na 30. Watoto nao huweza kuupata.

KWA NINI UNACHELEWA KUGUNDULIWA

Mwanzo wa ugonjwa huu hauna sura yake. Mgonjwa ana homa ndogo za jioni, anachoka bila sababu, hamu ya chakula inapungua, anakonda, anatoka jasho usiku, viungo vinauma. Nani kati yetu akisikia hayo hatafikiria malaria? Asipokutwa na malaria ataambiwa ana taifodi, na isipokuwa taifodi atapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Sisemi kwamba ni vibaya. Magonjwa hayo ni mengi zaidi kwetu, na lazima yatafutwe kwanza. Ninachosema ni kwamba vipimo vyote vikirudi safi, na homa na kukonda vikiendelea kwa majuma, mgonjwa asifungwe na dawa za kubahatisha mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo inatakiwa mtu aushike mkono wake na kutafuta mapigo.

Wengine kipindi hiki cha homa hawakikumbuki kabisa. Kwao ugonjwa hujitokeza wakati mishipa imekwisha kubana, na malalamiko yao huwa ya namna nyingine. Mwanamke anasema mkono wake unachoka na kuuma anapofua, anapoanika nguo kwenye kamba au anaposuka nywele za mwenzake, lakini akiuteremsha na kupumzika dakika chache maumivu yanakwisha. Maumivu ya mshipa wa damu yana tabia hiyo: huja kwa kazi na huondoka kwa mapumziko. Maumivu ya neva au ya shingo huweza kumsumbua mtu hata akiwa amelala. Mwingine anasikia kizunguzungu au anaona giza kwa muda mfupi anaposimama. Mwingine anaumwa upande wa shingo pale pale mshipa unapodunda. Mwingine hana maumivu yoyote, isipokuwa amekutwa na presha ya 180 akiwa na umri wa miaka 19, au anaishiwa pumzi akipanda mlima mdogo kwa sababu moyo umechoka kusukuma damu kupitia njia nyembamba. Na wapo ambao habari yao ya kwanza ni kiharusi.

Kijana mwenye presha ya juu ni jambo la kutafutiwa chanzo. Mtu wa miaka 60 akiwa na presha, mara nyingi hatupati sababu moja ya wazi. Lakini kwa msichana wa miaka 20 au mtoto wa shule, lazima kuuliza juu ya figo na juu ya mishipa ya damu. Kumpa vidonge tu na kumwambia apunguze chumvi hakutoshi. Ugonjwa wa Takayasu ukibana mshipa wa figo, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa damu, nayo hutoa kemikali za kupandisha presha. Mgonjwa anameza dawa mbili, tatu, na presha haishuki.

VIDOLE VITATU

Jaribu sasa hivi unaposoma. Geuza kiganja chako cha kushoto kitazame juu. Weka vidole vitatu vya mkono wa kulia, cha shahada, cha kati na cha pete, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, katika bonde dogo kati ya mfupa na mishipa ya nyama. Usitumie dole gumba kupimia, kwa sababu lenyewe lina mapigo na litakudanganya. Bonyeza taratibu. Ukibonyeza sana utayazima mapigo. Kisha badilisha, upime mkono wa pili. Kwa mtu mzima wa afya mapigo ya mikono miwili huwa na nguvu inayofanana na huja kwa wakati mmoja.

Ukikosa mapigo upande mmoja usiogope papo hapo. Wapo watu waliozaliwa na mshipa huo umepita mahali tofauti kidogo, na wapo wenye mafuta mengi au mikono ya baridi. Tafuta pia kwenye kiwiko, upande wa ndani. Ukikosa kote, au ukiona upande mmoja ni dhaifu sana kuliko wa pili, nenda kapimwe. Mapigo ya shingoni waachie wahudumu wa afya. Mtu asibonyeze pande mbili za shingo kwa mara moja, kwani anaweza kuzimia.

Sasa nije kwenye presha, ambako naomba mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote katika makala hii.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 23 anakuja kliniki. Mkono wake wa kushoto unasoma 104 kwa 70. Muuguzi anaandika kwenye kadi, anamwambia presha ni nzuri, anamwita anayefuata. Lakini kama angepima na mkono wa kulia angekuta 158 kwa 92. Je, presha ya binti huyu ni ipi? Ni ile kubwa, 158 kwa 92. Ile ndogo si presha ya mwili wake. Ni presha ya mkono ambao damu haifiki vizuri, kama vile bomba la nyumba ya mwisho linavyotoa matone wakati tangi limejaa. Moyo wake, figo zake na ubongo wake vinapigwa na 158, huku kadi inasema yuko salama.

Kwa mama mjamzito kosa hili ni la hatari zaidi. Presha ya kweli inaweza kupanda kuelekea kifafa cha mimba na kadi ikaendelea kuonyesha namba ndogo kila mwezi. Kwa hiyo mahudhurio ya kwanza ya kliniki yapimwe mikono yote miwili. Zikitofautiana, iandikwe kwenye kadi mkono upi una namba kubwa, na mkono huo ndio utumike mpaka kujifungua. Ni kazi ya dakika tatu. Najua foleni zetu zilivyo, na najua mashine huwa moja kwa akina mama arobaini. Hata hivyo dakika tatu hizo hufanyika mara moja tu kwa mimba nzima.

Tofauti ndogo kati ya mikono ni kawaida, namba tano au nane hivi. Ikifika 10 na zaidi katika ile namba ya juu, rudia kupima baada ya mgonjwa kukaa kimya dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo na nguo imevuliwa, si kukunjwa mpaka ikabana. Tofauti ikibaki pale pale, hasa ikifika 20, inatakiwa kutafutiwa sababu. Wakati mwingine mashine hizi za umeme hushindwa kabisa kusoma mkono wenye mapigo dhaifu na huandika alama ya kosa. Watu husema mashine imeharibika au betri imekwisha. Inawezekana. Lakini kama imesoma vizuri kwa mgonjwa aliyetangulia na inasoma vizuri kwa anayefuata, basi kosa haliko kwenye betri.

Kuna mtego mwingine. Ugonjwa unaweza kubana mishipa ya mikono yote miwili. Hapo mikono yote husoma ndogo, na hakuna tofauti ya kutushtua. Kwa hiyo daktari mwenye mashaka hupima na mguuni kwa mkanda mpana unaozunguka paja. Kwa kawaida presha ya mguu inalingana na ya mkono au inaizidi kidogo. Mguu ukisoma 170 na mikono yote 95, tumeelewa. Na mguu ukisoma chini sana kuliko mikono, pengine kubana kuko kwenye aota yenyewe, kifuani au tumboni. Wapo wachache ambao mikono na miguu yote imebanwa, na kwao presha ya kweli hujulikana tu kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya aota katika hospitali kubwa.

HOSPITALINI

Daktari atauliza maswali mengi, baadhi yatakuonea ajabu: je, taya linachoka unapotafuna? Tumbo linauma baada ya kula? Kisha ataweka kipimo chake cha kusikilizia si kifuani tu, bali pande za shingo, chini na juu ya mtulinga, tumboni juu ya kitovu na mgongoni. Anatafuta mvumo. Damu inapopita mahali pembamba hutoa sauti kama upepo unaopenya kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Mshipa mzima uko kimya.

Damu itachukuliwa. Kipimo cha ESR huangalia jinsi chembe nyekundu zinavyozama kwenye mrija kwa muda wa saa moja. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani huzama haraka. Kipimo kingine cha jamii hiyo huitwa CRP. Vyote viwili ni msaada, lakini havijui kutaja jina la ugonjwa. ESR hupanda kwa kifua kikuu, kwa upungufu wa damu, kwa ujauzito, kwa maambukizi ya kila aina. Na jambo ambalo watu hawalijui: mgonjwa wa Takayasu anaweza kuwa na ESR ya kawaida kabisa na huku ukuta wa aota unaendelea kuvimba. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu wala kinachoukanusha. Atakayekuambia kinyume na hapo anakuuzia kipimo.

Vipimo vingine ni vya kuondoa magonjwa yanayofanana nao. Kaswende ya muda mrefu huharibu aota. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia kwenye ukuta wa aota. Virusi vya UKIMWI huweza kudhuru mishipa mikubwa kwa vijana. Wapo watoto waliozaliwa na aota iliyobana mahali pamoja, nao pia huwa na presha ya juu mikononi na ya chini miguuni, lakini hawana homa wala ESR ya juu. Kwa wazee, mafuta yanayoganda ndani ya mishipa ndiyo sababu ya kawaida ya tofauti kati ya mikono.

Baada ya hapo inabaki picha. Kwa magonjwa mengi daktari hukata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini. Aota huwezi kuikata kipande kwa mtu mzima anayetembea, kwa hiyo ni lazima kuitazama kwa mashine. Ultrasaundi ya mishipa ndiyo ya kuanza nayo. Haina mionzi, bei yake si kubwa kama ya nyingine, na mpimaji mzoefu huona ukuta ulionenepa shingoni na chini ya mtulinga na hupima mwendo wa damu. Udhaifu wake ni kwamba haioni vizuri aota ya kifuani, kwa sababu mapafu na mifupa huzuia. Ultrasaundi ya moyo huongezwa kuangalia kama mlango wa aota unavuja.

CT skani yenye dawa ya rangi inayoingizwa kwenye mshipa huonyesha aota nzima na matawi yake yote, wapi pamebana na wapi pametuna. MRI huonyesha hayo pia bila mionzi, nayo ni nzuri zaidi kwa kijana ambaye atahitaji kupigwa picha mara nyingi maishani mwake. Zamani njia pekee ilikuwa kupitisha mrija kutoka kwenye kinena hadi kwenye aota, kumwaga dawa ya rangi na kupiga eksirei. Njia hiyo bado ipo, lakini huonyesha njia ya damu tu, si unene wa ukuta, kwa hiyo haigundui ugonjwa ungali mchanga. Siku hizi hutumika zaidi pale daktari anapotaka kupanua mshipa au kupima presha ya ndani.

Mwaka 1990 madaktari wa Marekani wa magonjwa ya viungo walitoa orodha ya alama sita: kuanza ugonjwa kabla au katika umri wa miaka 40, kuchoka kwa mkono au mguu wakati wa kazi, mapigo dhaifu mkononi, tofauti ya presha ya zaidi ya 10 kati ya mikono, mvumo juu ya aota au chini ya mtulinga, na picha ya mishipa isiyo ya kawaida. Mwenye tatu kati ya sita aliingizwa kwenye kundi hili. Mtaona kwamba tano kati ya hizo hazihitaji mashine kubwa. Mwaka 2022 wao pamoja na wenzao wa Ulaya walitoa utaratibu mpya wa pointi, ambao hauanzi mpaka picha imeonyesha kuvimba kwa mishipa. Kwa maoni yangu utaratibu mpya ni sahihi zaidi kwa watafiti, na ndio uliokusudiwa kwao: kuwapanga wagonjwa katika makundi. Kwa zahanati isiyo na CT ya karibu, ile orodha ya zamani ingali inafundisha mahali pa kutazama.

VIDONGE VYA DUKANI

Hapa nasema na akina mama na akina dada. Kuna vidonge vinavyouzwa kwa siri au kwa wazi vya kunenepesha mwili, na vingine vya kutuliza maumivu ya viungo, ambavyo ndani yake ni deksamethasoni au prednisoloni. Hizi ni dawa za jamii ya steroidi. Ndizo dawa hasa za ugonjwa huu, lakini zikimezwa kiholela kabla ya kupimwa hushusha homa, hushusha ESR, huongeza uzito, na mgonjwa huonekana amepona wakati mishipa inaendelea kuharibika. Tena zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kama umewahi kumeza vidonge hivyo mwambie daktari bila aibu. Hatakugombeza, na kama atakugombeza, mwambie hata hivyo. Usiviache ghafla kama umevitumia kwa majuma, kwa kuwa mwili huwa umesahau kutengeneza steroidi yake na mtu anaweza kuzimia au hata kufa.

KWA BABU NA BIBI

Aina ya pili huwashika wazee wa miaka 50 na kuendelea, hasa waliopita 70. Kwetu ni nadra. Ni mingi zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, lakini nadra si sawa na haipo. Huvimbisha mishipa ya panjani, ile inayopita mbele ya sikio kupanda kichwani, na pengine aota pia. Mzee anaanza kuumwa kichwa kwa namna ambayo hajawahi kuumwa, ngozi ya kichwa inauma akichana nywele au akivaa kofia, taya linachoka akitafuna nyama, mabega ni magumu asubuhi. Kisha anaona kama pazia limeshuka kwenye jicho moja.

Hilo la jicho ni la siku hiyo hiyo, si la kusubiri Jumatatu. Jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu kwa kawaida halirudi, na la pili linaweza kufuata baada ya siku chache. Kwa hiyo daktari mwenye mashaka makubwa huanza prednisoloni mara moja, kabla ya majibu yote. Kipande kidogo cha mshipa wa panjani, angalau sentimita 1 kwa sababu ugonjwa huruka sehemu sehemu, kinaweza kuchukuliwa ndani ya juma moja au mawili baadaye na bado kikaonyesha ugonjwa. Panapo ultrasaundi nzuri, mshipa huonekana umezungukwa na kivuli cheusi cha uvimbe, na pengine kukata hakuhitajiki.

UKIPEWA RUFAA

Matibabu ni ya miaka, si ya majuma. Huanza na prednisoloni kwa kipimo kikubwa kinachopunguzwa polepole, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga kama methotreksati au azathioprini, na dawa za presha. Binti anayetumia methotreksati asishike mimba, kwani humdhuru mtoto. Azungumze na daktari mapema ili abadilishiwe, maana wengi wenye ugonjwa huu huzaa watoto wazima wakiangaliwa vizuri. Mshipa uliobana sana huweza kupanuliwa au kuwekewa njia ya pembeni kwa upasuaji, ikiwezekana wakati ugonjwa umetulia.

Mnapokwenda hospitali ya rufaa chukueni daftari la mgonjwa, kadi zote za kliniki hata zilizochakaa, majibu ya kifua kikuu, na picha za zamani za kifua. Muombeni muuguzi wa zahanati aandike presha ya kila mkono kwa jina lake: kulia kiasi hiki, kushoto kiasi hiki, tarehe hii. Kusema "Naomba unipime na mkono wa pili, muuguzi" si kumkosea adabu. Na kabla ya CT mjulisheni mpimaji kama mgonjwa ni mjamzito au amechelewa siku zake, kama ana ugonjwa wa figo, kama anatumia dawa za kisukari, na kama aliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kuchomwa dawa ya picha.